MGENI AKIPEWA JEMBE, APEWE NA HATI YAKE

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962, katika kijitabu chake juu ya Ujamaa, kuonyesha kwamba katika jamii zetu za asili kila mtu alikuwa mfanyakazi, na kwamba hata mgeni hakuruhusiwa kukaa kivulini akila jasho la mwenyeji. Methali hii imezoeleka mno midomoni mwetu, hata tumesahau kuuliza swali linaloifuata. Mgeni huyo akiisha kupewa jembe, akalima tangu alfajiri hadi jua la utosi, jioni anastahili nini? Na akisimamishwa njiani akaulizwa kazi hiyo amepewa na nani, na kwa idhini gani, ataonyesha kitu gani?

Swali hilo tulirudi nalo kutoka nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, katika wilaya za Kasulu na Kibondo. Tunaliandika hapa kwa ajili ya wasomaji wetu wa visiwani, ambao aghalabu huidhani Kigoma kuwa ni Ujiji, dagaa na mawese tu. Na kwa ajili ya viongozi wa Serikali, ambao baadhi yao wanao uwezo wa kulijibu.

Mvua za kwanza zinapoanguka katika vilima vile, na udongo mwekundu ukilainika, barabara za vijijini hujaa watu wenye majembe mabegani na vifurushi vidogo vichwani. Si wote wanaotoka nyumba za jirani. Wengine wamevuka mpaka kutoka Burundi, ama kwa kupitia Manyovu na Mabamba palipo na maofisa, ama kwa njia za panya ambazo babu zao walizipita kabla mzungu hajachora mpaka wowote. Lugha haiwapi taabu, kwani Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja; Mha na Mrundi husemezana bila ya mkalimani. Huja kulima kwa ngwe, kupanda mahindi na maharage, kupalilia mihogo, kuvuna, kisha hurejea kwao na fedha kidogo au na mzigo wa nafaka.

Sababu ya kuja kwao haihitaji mtaalamu wa kuifafanua. Burundi ina eneo lisilofika kilomita za mraba 28,000, na ndani yake wanaishi watu zaidi ya milioni 12. Mkoa wa Kigoma una ardhi kubwa kuliko hiyo, na katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu wapatao milioni 2.47. Upande mmoja ardhi ni finyu na mikono ni mingi. Upande wa pili ardhi ipo, na msimu wa kilimo ukifika mikono haitoshi. Maji hufuata mkondo.

WAHA WALIKUWA WAGENI KABLA YAO

Mzee mmoja tuliyeketi naye barazani pake, si mbali na Heru Juu, alitusikiliza tukiulizia habari za vibarua hawa, kisha akacheka kidogo. "Wanangu," alisema, "mnawashangaa Warundi? Sisi ndio tuliokuwa Warundi wa Tanga."

Maneno yake yana historia nzima ndani yake. Mkonge uliingizwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, na kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikitoa takriban tani 230,000 za mkonge kwa mwaka, ikiongoza duniani. Lakini mkonge haujikati wenyewe. Mabwana wa mashamba walitafuta watu mbali, mahali pasipokuwa na zao la biashara la kutosha wala ajira nyingine, na Buha ikawa mojawapo ya ghala zao za watu. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Katika miaka ya 1940 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, kilichojulikana kwa jina la SILABU, na mawakala wake walipita Kasulu na Kibondo wakikusanya vijana.

Kijana aliandikishwa, akapewa namba, akapandishwa gari la moshi. Kutokana na namba hiyo wakaitwa manamba. Shambani alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30 za kutia alama za siku za kazi. Asipozimaliza nafasi hizo hakupata mshahara wake kamili. Wapo waliorudi na blanketi na baiskeli. Wapo waliorudi na kifua kibovu. Na wapo ambao hawakurudi kabisa, na wajukuu wao leo ni wenyeji wa Muheza na Korogwe.

Basi ni jambo la kuzingatia kwamba mjukuu wa manamba leo ni mwenye shamba, naye anaajiri kibarua kutoka ng'ambo ya mpaka. Kipande kilikuwa karatasi ya unyonge, hatulisifu jambo hilo hata kidogo. Lakini angalau kilikuwa ni karatasi. Kibarua wa leo wa Kasulu hana hata kipande. Akidai ujira wake hana alama ya kuonyesha.

SHERIA INASEMAJE

Hapa hatuna budi kueleza kwa ufasaha, kwani tumegundua kuwa wananchi wengi, na hata baadhi ya watendaji wa vijiji, wanachanganya mambo.

Mgeni anayetaka kufanya kazi Tanzania Bara anahitaji vibali viwili, wala si kimoja. Cha kwanza ni kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya mwaka 2015. Cha pili ni kibali cha ukaazi, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Viza ya matembezi si ruhusa ya kazi. Kwa shughuli ya muda mfupi ipo viza ya biashara isiyozidi siku 90, ambayo kwa kawaida hutumiwa na fundi anayekuja kufunga mtambo au mtaalamu anayekuja kukagua hesabu.

Vibali vya kazi vimegawanywa katika madaraja matano. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri. Daraja B ni la wenye taaluma maalumu zilizotajwa. Daraja C ni la wenye taaluma nyinginezo. Daraja D ni la wanaofanya kazi katika taasisi za dini na za hisani zilizosajiliwa. Daraja E ni la wakimbizi. Kadhalika sheria inamtaka mwajiri aonyeshe mpango wa kumwandaa Mtanzania ili mgeni atakapoondoka nafasi isibaki wazi. Hiyo ni sheria ya busara. Inaiambia kampuni ya kigeni: mlete mtaalamu wenu, lakini amfundishe mwenyeji.

Msomaji wetu wa Unguja na Pemba azingatie kwamba uhamiaji ni jambo la Muungano, lakini ajira si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, na mgeni anayetaka kufanya kazi katika hoteli ya Nungwi au Paje lazima aombe idhini kwa mamlaka ya kazi ya Zanzibar. Kibali cha kazi cha Bara hakimfai huku. Tumewahi kuona wageni waliotapeliwa kwa kutojua jambo hili dogo.

Juu ya sheria hizi zipo ahadi tulizozitoa kwa majirani zetu. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Chini ya itifaki hiyo raia wa nchi mwanachama anaweza kuingia na kukaa kwa matembezi hadi miezi 6. Kuhusu kazi, kanuni zake zinasema kwamba mwenye mkataba usiozidi siku 90 apewe pasi maalumu, na mwenye mkataba unaozidi hapo aombe kibali ndani ya siku 15 naye ajibiwe ndani ya siku 30.

Siku 90! Msimu wa kulima na kupalilia katika vilima vya Kasulu haupiti sana hapo. Mtu angedhani kanuni hiyo imeandikwa na mkulima wa Kibondo. Lakini katika orodha ya kazi ambazo nchi yetu imezifungua kwa itifaki hiyo, wamo wenye vyeti na taaluma. Mwenye jembe hayumo. Mhandisi wa Bujumbura amefunguliwa mlango. Mkulima wa Ruyigi, ambaye ndiye anayekuja kila mwaka, ameachiwa njia ya panya.

UKOSEFU WA HATI UNANUFAISHA NANI?

Tuseme kweli ijapokuwa chungu. Ukosefu wa hati haumzuii kibarua kuja. Unamzuia kudai. Tulielezwa na zaidi ya mtu mmoja, wenyeji kwa wageni, juu ya waajiri ambao kazi ikiisha na siku ya malipo ikikaribia, hupeleka habari kwamba katika shamba fulani wamelala watu wasio na vibali. Doria huja usiku, watu hukimbia au hukamatwa, na ujira wa wiki tatu au nne hubaki mfukoni mwa mwenye shamba. Hatusemi kwamba wakulima wote ndivyo walivyo. Wengi tuliowaona hula sahani moja na vibarua wao. Lakini hata mmoja akifanya hivyo, na akafanikiwa, amefundisha wengine kwamba sheria ya nchi inaweza kutumiwa kama chombo cha dhuluma.

Sisi ambao tulifundishwa chuoni, kabla hatujaingia skuli ya Serikali, kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake jasho lake lisijakauka, hatuwezi kulitazama jambo hili na kunyamaza. Mafunzo hayo hayakubagua raia na mgeni. Na sisi tuliolelewa ndani ya Chama kilichojengwa na wakulima na wafanyakazi hatuwezi kusema kwamba unyonyaji ni haramu ukifanywa na bepari wa mkonge, na ni halali ukifanywa na mjukuu wa manamba.

Lipo na jambo la kiuchumi ambalo watu hulisahau. Husemwa kwamba vibarua wa kigeni wanashusha ujira wa vijana wetu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na kijana wa Kibondo anayekosa kazi ana haki ya kulalamika. Lakini tujiulize ni nini hasa kinachoshusha ujira. Mwenye hati anaweza kukataa malipo madogo na kwenda shamba la pili. Asiye na hati hupokea chochote anachotupiwa, na kwa kuwa yeye hupokea chochote, kijana mwenyeji naye huambiwa apokee hicho hicho au aende zake. Kwa hiyo anayemwacha Mrundi bila ya karatasi hamlindi Mha. Anawaangusha wote wawili kwa pamoja.

WALIOMO KAMBINI

Wapo wageni wengine katika wilaya hizi ambao hawakuja kutafuta kazi bali kutafuta usalama. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015, Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa upya, na Mtendeli wilayani Kakonko ikafuata mwanzoni mwa mwaka 2016. Hii ya mwisho ikafungwa mwaka 2021. Kuanzia Septemba 2017 Warundi walianza kurejeshwa kwao kwa hiari.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inaruhusu mkimbizi kupewa kibali cha kazi, na sheria ya mwaka 2015 ikamwekea Daraja E. Lakini sheria hiyo hiyo ya mwaka 1998 inamtaka akae katika eneo lililotengwa, na asitoke bila ya ruhusa. Mtu asiyeweza kutembea kilomita chache kutoka kambini atamtafuta wapi mwajiri? Daraja hilo limekuwa kama ngazi iliyoegemezwa ukutani huku anayetakiwa kuipanda amefungwa miguu.

Serikali ilikuwa na sababu zake. Ilipojitoa Januari 2018 katika mpango wa kimataifa wa kuwashirikisha wakimbizi katika uchumi wa nchi, ilitaja usalama na uhaba wa fedha zilizoahidiwa, na ni kweli kwamba mataifa tajiri hutoa ahadi kubwa kuliko fedha. Nchi ambayo Mwalimu wake alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ukarimu kwa wakimbizi haihitaji kuhubiriwa ukarimu na mtu wa mbali. Hata hivyo, mfano mwema tunao sisi wenyewe. Warundi waliokuja mwaka 1972 walipewa mashamba katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijitegemea kwa chakula, na mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wetu. Hawakuwa mzigo, kwa sababu siku ya tatu walipewa jembe.

Kuhusu mafunzo tunasema hivi. Kijana aliyejifunza ushonaji, useremala au uokaji mikate kambini ni fundi, akibaki au akirejea kwao. Fundi anayerudi Burundi na ufundi wake ana sababu ya kukaa huko. Anayerudi mikono mitupu ataonekana tena mpakani msimu ujao. Nchi yetu inavyo vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975, na ina VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, yenye utaratibu wa kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunza ufundi wake mtaani. Mwashi wa Kasulu asiyepita darasani na mwashi mkimbizi wakipimwa kwa kipimo kimoja, hapana atakayepungukiwa.

TUNASHAURI NINI

Kwanza, Serikali itumie mlango uliokwisha kuwapo wa pasi ya siku 90, iuongezee kazi za msimu za kilimo, na pasi hiyo itolewe pale pale Manyovu na Mabamba kwa ada ambayo kibarua anaweza kuilipa kabla hajapata ujira. Kumtaka mtu huyu aombe kama anavyoomba meneja wa benki ni sawa na kumwambia asiombe.

Pili, kila mwenye shamba anayechukua kibarua mgeni amwandikishe kwa mtendaji wa kijiji, na waandikiane mkataba wa karatasi moja, kwa Kiswahili na Kirundi: ngwe ngapi, kwa ujira gani, utalipwa lini. Daftari la kijiji lenye jina la kila aliyeingia ni ulinzi bora wa usalama kuliko doria ya usiku. Anayehofia wahalifu azingatie kwamba mhalifu hapendi kuandikwa.

Tatu, mgeni anayekamatwa bila ya hati aulizwe kwanza kama anadai ujira, na ujira huo ulipwe kabla hajavushwa mpaka. Sheria ya uhamiaji ichukue mkondo wake, lakini isiwe deni la mwenye shamba limefutwa kwa gari la Serikali. Utaratibu huu hauhitaji fedha za kigeni wala mkutano wa kimataifa. Unahitaji waraka mmoja wenye nguvu na viongozi wa wilaya walio tayari kuusimamia.

Nne, vyuo vya mafunzo vya wilaya hizi vipewe walimu na zana, na mwenyeji awe wa kwanza kuvifaidi. Haitakuwa haki mtoto wa Kibondo auone ufundi ukifundishwa nyuma ya uzio wa kambi, naye hana pa kujifunzia.

Huenda msomaji wa Pemba akauliza, mambo haya ya Kasulu yanatuhusu nini? Na atazame nyumba yake. Ni familia ngapi visiwani ambazo hazina kijana wala binti Muscat au Dubai? Tunaposikia kwamba binti yetu amenyang'anywa pasi yake ya kusafiria na tajiri wake, au amezuiliwa mshahara wa miezi sita, hutupanda hamaki, na ni haki itupande. Oman yenyewe, kuanzia Januari 2021, iliondoa sharti la mfanyakazi kupata ridhaa ya tajiri wa zamani ili ahamie kwa tajiri mwingine baada ya mkataba kwisha. Ikiwa huko walikosifiwa kwa ukali wameweza kulegeza fundo moja, sisi tunaojiita ndugu wa Warundi katika Jumuiya moja tunashindwa na lipi? Haki tunayoidai ng'ambo kwa ajili ya watoto wetu hatuwezi kuidai kwa sauti kubwa ikiwa kwetu tunaipitisha njia ya panya.

Tulipomuaga yule mzee wa Heru Juu, kibarua wake alikuwa akirejea kutoka shambani, jembe begani. Mzee aliingia ndani, akatoka na fedha zilizofungwa katika kitambaa, akamhesabia mbele yetu, noti moja moja. Tukamuuliza kwa nini analipa kila siku na asingoje mwisho wa mwezi. Akajibu kwamba baba yake, alipokuwa Tanga, aliwahi kulima siku 29 akaugua siku ya 30.